Kovu la Mkunga Sayi

Siku tulipovua kitenge kilichofunika sura ya Mkunga Sayi kwenye ukuta wa jengo la wazazi, pale zahanati ya kijiji chetu upande wa Nkololo, waliokuwepo mbele ni hawa. Mwalimu Shija, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, aliyewafundisha wanangu wawili, na mmoja akaelewa. Maduhu, mtoto wa marehemu Mkunga Sayi, aliyekuja na gari lake kutoka Mwanza. Sayi mdogo, binti wa Maduhu, aliyelelewa na bibi yake na kupewa jina lake, kwa hiyo baba yake mzazi humwita mama, kama desturi yetu ilivyo. Kwandu, jirani wa marehemu, mama wa watoto saba, na wote saba walipokelewa na Mkunga Sayi. Minza, mwanafunzi wangu, aliyeshika ngazi. Kijana mmoja wa redio, jina lake nalijua, lakini nimeshamsamehe kwa hiyo siliandiki. Na mimi, Holo, niliyechora ile sura.

Nimewataja kwa sababu wote tulikuwa na mkono katika kosa nitakalolieleza, na wangu ndio uliokuwa na brashi.

Nimestaafu juzi tu, baada ya mavuno ya pamba. Daktari wa macho aliniambia nina mtoto wa jicho, nikamwambia nimezaa wengi lakini huyu sikumwomba. Shule niliishia darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono kwenye daftari, Minza akayapiga kwenye simu, na nimemkataza kunyoosha maneno yangu. Nawaandikia ninyi mnaochora na mnaochapa sura za watu Bariadi, Maswa hadi Lagangabilili. Mtu hakunieleza mambo haya mapema. Ningeelezwa, nisingepanda ngazi mara mbili kwa sura moja na miguu hii.

Kazi niliianzia ukutani kwangu. Mume wangu Mabula alikuwa akifunga marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tukapata chumba kimoja pembeni ya mji. Nikakisiriba kwa udongo na majivu kama tulivyofanya kwetu, kisha kwa udongo mwekundu nikachora ng'ombe mmoja wa baba yangu. Mzee Ramadhani, fundi wa vibao, mtu wa Tabora, alikuwa akipita kwenda msikitini. Akasimama.

"Mwangaluka, mayu," alisema. Kisukuma chake cha kumwamkia mama kiliishia hapo. "Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wa baba."

"Ana kiburi?"

"Sana. Hakubali kutangulia wala kufuata."

"Anaonekana," alisema, akaenda kuswali. Aliporudi akamwambia mume wangu kwamba kesho yake niende bandani kwake. Mabula akauliza nitakwenda kufanya nini. Mzee Ramadhani akasema, "Kusugua mbao."

Na kweli. Siku ya kwanza nilipewa msasa na plaiwudi, nikasugua hadi jua likageuka. Siku ya pili nikasugua. Wiki ya tatu nikauliza rangi iko wapi. Akasema, "Rangi inajua mbao iliyopigwa haraka. Itakuchongea mwaka ujao." Alikuwa sahihi. Vibao vyake viwili bado viko mjini, herufi hazijabanduka, ingawa maduka yenyewe yameshafungwa.

Brashi nyembamba za kuchorea uso hazikuwepo. Tulitengeneza wenyewe. Unachukua nywele za ndani ya sikio la ng'ombe, kwa sababu za mkia ni ngumu na zinachana rangi. Unazifunga kwa uzi, unazitumbukiza kwenye gundi, unazichomeka kwenye mrija wa kalamu ya wino. Wauza nyama wote wa Bariadi walinijua kama mama wa masikio. Mmoja wao, Masanja, alikuwa akiniona tu anapaza sauti, "Mayu Holo, leo nina mawili yanasikia vizuri!"

Na kutoka sikio la ng'ombe ndipo Mzee Ramadhani alinifundisha la mtu. Alisema, "Anza na sikio. Mtu akija kuchorwa anapanga mdomo, anapanga macho, anainua kidevu. Sikio hawezi kulipanga. Sikio halina maringo." Tangu siku ile kila sura nimeianza sikioni na kuimaliza machoni. Ukikosea sikio, sura yote inakuja kama mgeni. Hili Minza analijua. Wengine mnaanza na macho kwa sababu ndiyo yanayopendwa, halafu mnashangaa ndugu wa marehemu wanalia kwa sababu isiyo sawa.

Nilipofungua banda langu mwenyewe kijijini, kazi nyingi zilikuwa za wafu. Watu wa hapa picha walikuwa hawapigi, hadi kitambulisho kiwalazimishe. Basi unaletewa picha ndogo kama kucha, mtu ametoa macho kama anayekabwa, unaambiwa, "Tuchoree baba, wa ukutani." Nilijifunza kutochora kutoka kwenye picha peke yake. Niliuliza nyumba ile nani amebeba jina la marehemu. Huko kwetu hakosekani. Namkalisha huyo mbele yangu, hata awe mtoto wa kunyonya, namtazama sikio, paji, mkao wa shingo. Picha inanipa umri, mwenye jina ananipa uhai. Kwa njia hiyo nimechora watu wengi sana, na ndugu zao wakafika bandani, wakasimama mbele ya mbao, wakasalimia.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mjane mmoja, Nyanzobe, aliletewa sura ya mumewe ikiwa inacheka, kwa sababu kaka wa marehemu ndiye aliyenieleza. Akaitazama, akasema, "Huyu ni yule wa wageni. Mimi nataka wa ndani." Nikamfunga mdomo marehemu. Nyanzobe akashukuru: "Wabeja. Sasa ndiye." Kijana mwingine, Njile, alitaka baba yake achorwe na saa ya mkononi. Nikamuuliza mzee alikuwa na saa? Akasema hapana, lakini alikuwa akiitamani. Nikachora. Alama za alichokitamani mtu haziharibu sura. Zinazoiharibu ni za kumwonea aibu, na hapo ndipo nafika kwa Mkunga Sayi.

Kijiji kilipopata jengo jipya la wazazi, Mwalimu Shija alikuja bandani na wajumbe wawili. Wanataka sura ya Mkunga Sayi ukutani, kubwa, pembeni ya mlango, kila mama anayeingia aione. Hakuna aliyepinga. Mkunga Sayi alizalisha watu pale tangu zahanati ikiwa chumba kimoja, hadi alipokufa akiwa mzee kama nilivyo sasa.

Alikuwa na kovu. Utotoni aliangukia jiko, moto ukala shavu moja kuanzia chini ya jicho hadi shingoni, na ngozi ikavuta pembe ya mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wa rika letu, kwa moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe pale kuni zilipokuwa mbali. Akipigwa picha alivuta kitenge hadi puani. Kwa hiyo picha ya kovu haikuwepo hata moja.

Maduhu alinitumia kwa simu picha ya mama yake. Nikamwambia Minza, "Huyu msichana ni nani?" Minza akacheka, akanionyesha namna simu inavyosugua uso. Kipande cha shavu kilichobaki nje ya kitenge hakina kovu, macho meupe, ngozi kama ya bibi harusi wa Dar. Msasa wa Mzee Ramadhani nao ulikuwa ukilainisha, lakini ulijua kuacha.

Nikafanya kama nilivyozoea. Nikamkalisha Sayi mdogo. Mimi Mkunga Sayi nilimjua, amenizalisha wa tatu na wa nne, lakini kovu mtu hulizoea mpaka halioni tena. Nikamuuliza binti, "Lilikuwa upande gani?" Akanitazama, akainua mkono bila kusita, akagusa shavu lake la kulia. Mwenye jina amesema mwenyewe, mimi nani wa kuuliza tena? Nikachora kulia.

Siku ya kuvua kitenge watu walinyoosha shingo kwanza. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, na wengine wakaitikia. Kwandu alikuwa akilia. Maduhu hakupiga makofi. Alisogea hadi ukutani, akarudi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi Holo, umemtoa mama yangu nje bila kitenge."

Kijana wa redio alipiga picha kwa simu yake, akaiweka mtandaoni kabla hatujala wali. Kufika Jumatatu picha ilikuwa imetembea kuliko Mkunga Sayi alivyotembea maisha yake yote. Asubuhi kwenye kipindi aliuliza wasikilizaji, "Huyu ni mkunga au kitu kingine?" Wakapiga. Mmoja alisema atazaa njiani kuliko kupita mlango ule. Mmoja alisema mchoraji alikuwa amelewa. Halafu akapiga mtu kutoka mbali, asiyeijua hata njia ya kwetu, akacheka, akasema, "Macho mekundu hayo, mzee, huyo ni mchawi kabisa."

Nilizima redio. Minza alikuwa akikoroga rangi, akaacha.

Ninyi vijana mnalisikia neno lile kama utani. Sisi wa huku tunajua wazee wa kike waliokufa kwa neno lile na kwa macho yale, hakuna kingine. Zamani sura yako ilihukumiwa na ndugu wa marehemu, watu kumi, wanasimama mbele yako na unawajibu. Siku hizi inahukumiwa na watu wasiomjua marehemu wala wewe. Wakimaliza kucheka wanakwenda kucheka jambo jingine, na wewe unabaki na ukuta.

Kamati ikaitisha kikao siku ya Ijumaa. Ujumbe wa Mwalimu Shija ulikuwa mfupi: ama nilainishe uso na kuyafanya macho meupe, ama wapake chokaa na kutundika bango la kuchapwa, na Maduhu atalileta kutoka Mwanza. Nikamjibu kupitia Minza: nitakuja, na sitakuja na msasa.

Alhamisi alasiri Kwandu akafika kwangu kwa miguu. Nikampa kigoda na maji. Akanywa, akaweka kikombe, ndipo akanisalimia.

"Mwadila, dada. Nimekuja na jambo baya."

"Sema."

"Kovu umeliweka upande usio wake."

Nikamwambia mwenye jina ndiye aliyenionyesha. Akatikisa kichwa. Akasema siku ya kuvua kitenge aliona kitu kinamkwaza, akadhani ni machozi. Leo alimpeleka mkwe wake kliniki. Nesi akaweka kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akatega sikio tumboni, uso ameugeuzia kwa mama. "Nikakumbuka hapo hapo. Sayi alikuwa anatega sikio la kulia siku zote. La kushoto lilikuwa zito, lilikula moto pamoja na shavu. Akitega la kulia, shavu la kushoto liko juu, wewe uliyelala unaliona. Nimelitazama kovu lile kwa mimba saba, Holo. Lilikuwa kushoto."

 Sasa niliona nilivyokosea. Sayi mdogo alikaa mbele ya bibi yake miaka yote, wakitazamana. Kovu la kushoto la bibi lilikuwa upande wa mkono wake yeye wa kulia. Nilipomuuliza aligusa pale alipokuwa akiliona. Nami, kwa kuwa tunasema mwenye jina ndiye mwenyewe, nikalichukua kama shavu la bibi. Na mimi ndiye ninayefundisha watu kuanza na sikio! Nilikuwa nimeliunguza sikio lile lile alilotusikilizia watoto wetu, na kuliponya lisilosikia.

Minza alisimama mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Bibi, kesho usiseme. Ukikiri kosa moja watakwambia yote ni kosa. Watapaka chokaa."

Kwandu akasema, "Mimi nimekuja kwako. Kwa Shija sijaenda, na sitakwenda."

Nawaeleza ukweli: nilifikiria kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeona. Redio nzima ilitazama uso ule wiki nzima, wakahesabu kila mkunjo, na hakuna aliyejua kushoto na kulia. Lakini nilikuwa nimejiandaa kuwaambia kamati kwamba nimemchora Sayi alivyokuwa. Maneno hayo sasa yangekuwa uongo. Nikamwambia Minza aoshe ile brashi nyembamba.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi za kliniki, nje, ukuta mbele yetu. Kijana wa redio alikuja na kinasa sauti. Maduhu akasimama wa kwanza.

"Mama yangu ameitwa mchawi redioni," alisema. "Mnajua mimi nilikuwa na umri gani walipompiga mawe shangazi yake? Nilikuwa nimebebwa mgongoni. Halafu mnaniambia sanaa. Futeni yale macho. Futeni kovu. Apumzike."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilidhani anaona haya, kumbe anaogopa. Nikasimama kwa fimbo.

"Maduhu, baba, hofu yako ni ya haki. Na mimi nina neno. Nimekosea."

Mwalimu Shija akafungua daftari lake haraka kuliko nilivyopenda. "Basi bibi mwenyewe amekiri. Tufute."

"Nimekosea upande, Mwalimu. Sijasema nimekosea mtu."

Nikawaomba wote waliomjua Mkunga Sayi waguse shavu la kovu. Wakainua mikono, na karibu wote waligusa shavu lao la kulia, wakinitazama, kama alivyofanya Sayi mdogo. Mwalimu Shija aligusa la kushoto, akaangalia wenzake, akahamisha. Nikamwita Kwandu. Akalala chali kwenye benchi, mzee yule, akajifunika miguu kwa kanga, akasema, "Msicheke, sizai." Wakacheka. Nikamwambia Sayi mdogo achukue kibomba kwa nesi, apige magoti, afanye kama bibi yake.

Binti akapiga magoti. Bila kuambiwa akatega sikio la kulia. Shingo ikalala, mdomo ukafunga, macho yakamtazama Kwandu usoni, na ile namna ya kusubiri bila kupumua ikaja pale benchini. Wanawake wakaacha kucheka. Wengi waliokuwepo walikuwa wamelala chini ya uso ule.

"Hapo," Kwandu alisema, akainua kidole akagusa shavu la kushoto la binti. "Hapo ndipo nilipokuwa natazama."

"Mama," Maduhu alisema. Ndivyo anavyomwita binti yake kila siku. Lakini safari hii alikaa chini.

Nikasema lililobaki. "Kovu nitalihamisha. Sitaliondoa. Macho sitayagusa. Nani hapa mama yake hakuwa na macho haya? Na ya kwangu je? Mkiyafuta ya Sayi kwa sababu mtu wa mbali amecheka, mimi nikipita sokoni nifunge uso? Muda wote tukiyaficha, atakayeyaona ataogopa. Yaacheni pale mlangoni, watoto wazaliwe mbele yake, wayazoee."

Mwalimu Shija alimtazama Maduhu. Maduhu alikuwa akimtazama binti yake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti na kibomba mkononi. Baadaye akasema, "Bibi Holo, ukihamisha, sikio la kulia liwe zima. Alikuwa ananisikilizia nalo mlango nikichelewa kurudi."

Nilipanda ngazi siku tatu. Minza alishika miguu yangu, na mambo mengine aliyafanya yeye, sifichi. Nilianza na sikio. Mama mjamzito mmoja alikuwa akipita, akasimama chini, akauliza kama huyu bibi aliumia sana. Nikamwambia aliumia, halafu akafanya kazi.

Kijana wa redio alikuja kunihoji, akaomba radhi, akatangaza marekebisho. Mzaha wa kwanza ulifika Dar. Marekebisho yalifika Binza, hapa hapa mkoani, yakachoka. Ndivyo yalivyo, msihangaike nayo. Jibuni wale wanaosimama mbele ya ukuta.

Sura ile ndiyo ya mwisho kwangu. Brashi ya sikio la ng'ombe nimempa Minza, na Masanja nimemwambia amtunzie masikio.

Majina haya yote nayakumbuka, lakini nilikuwa na uhakika pia wa shavu lile. Kama kuna mahali nimekosea jina la mtu, au ukoo, au nani alisema nini, njoo uniambie, niko nyumbani, chai ipo. Ila usikae mbele yangu ukagusa shavu lako. Njoo ukae upande wangu, tutazame pamoja, kisha unyooshe kidole.